Yule Mama Alienda Wapi

Jumanne, Kianda

Eti nifundishe Kichina cha makontrakta! Mkuu wa idara chuoni amefuta kozi yangu ya hadithi za Kichina za kisasa. "Daktari, hadithi zitamsaidia nani?" Nikikataa, sina kazi.

Nyumbani nimempata jirani, Mama Akinyi, akiningoja na karatasi ya maelezo ya blenda, yote Kichina. Nikamsomea. Akauliza hizo hadithi zangu husema nini. Nikamweleza moja, ya mama aliyeamka akakuta serikali imepaka neno "bomoa" kwenye ukuta wake.

"Huku kwetu ni X nyekundu," akasema. "Sasa alienda wapi?"

"Hadithi inaishia hapo."

"Ai! Na watoto? Basi wewe umesoma bure."

Mara ya pili leo kuambiwa hivyo. Ila huyu ameondoka na hasira, akasahau karatasi yake ya blenda.