Aabo, Niliandika Miraa Kwenye Ile Fomu

Aabo, asalamu alaikum huko uliko, na Mungu akupanulie kaburi lako.

Ni mimi, Hodan wako, mwenye mdomo. Usishangae nikikuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani tulikuwa na Kisomali chetu, lakini kwenye jimu yako ya vyuma ulisema Kiswahili tu, ili Mkamba, Mborana na Msomali watukanwe kwa lugha moja. Na haya ninayokuletea ni mambo ya jimu.

Miezi mitano sasa. Hooyo ametoka eda, amevaa lile baibui la kahawia ulilomletea kutoka Mandera, na ameanza tena kulalamika kwamba vyuma vyako vimemjazia ua. Kwa hiyo ujue amepona kidogo. Ile ekseli ya lori wanayoinua bado imepinda upande uleule, na vijana bado wanagombania upande ulionyooka. Kibao chako cha mlangoni, SINDANO NI YA NG'OMBE, nimekipaka rangi upya.

Watu wengi hapa Garissa walikujua kwa jimu. Mimi nilikujua kabla ya hapo, soko la mifugo, ulipokuwa dalali nami nimeshika koti lako nisipotee. Ulikuwa unaweka kiganja mgongoni mwa fahali, unafumba macho, kisha unatamka mbele ya watu: "Huyu amenyweshwa." Yaani amelambishwa chumvi jana, leo amebugia maji, tumbo limejaa na mnunuzi anadhani ni nyama. Wenye ng'ombe walikuchukia kwa hilo! Kuna msimu mzima hakuna aliyekupa mnyama wa kuuza, na bado hukujifunza kunyamaza.

Kiganja hichohicho ukakihamishia jimu. Kijana akija na mabega yaliyofura ghafla, unamgusa na kusema vilevile, amenyweshwa. Halafu humfukuzi. Unamkalisha, unampa chai ya maziwa ya ngamia, unamwambia kesho alete hiyo chupa tuone imeandikwa nini. Ulijua kumkasirikia mtu bila kumtupa, Aabo. Mimi bado sijui. Mimi nikikasirika naona bora mtu aende zake.

Kiingereza ulikuwa husomi, na hukuona haya. Macho yako yalikuwa mimi. Nikitoka duka la dawa ninakofanya kazi, nakuta umenipangia mezani makopo ya "brotini", ulivyoitamka protini, na vidonge vya kila rangi. "Soma, aabo," unaniambia, ukiniita kwa jina lako mwenyewe kama baba zetu wanavyowaita watoto. Nami nasoma mpaka zile herufi ndogo za chini. Wenzangu walidhani baba anayefundisha watu kutunisha misuli atakuwa mtu wa kujionyesha. Wewe, ambaye uliwashonea vijana kaptula za kufika magotini na ukawapeleka tu kwenye kundi la mashindano linaloruhusu kaptula!

Unaikumbuka siku ya orodha? Waandaaji wa yale mashindano ya Nairobi ya wasiotumia pufya, dawa za kuongeza misuli, walikuwa wametuma karatasi ya vitu vilivyopigwa marufuku. Nikasoma steroidi, nikasoma dawa za kukojoza maji mwilini, ukawa unaitikia tu, eeh, eeh. Nikafika kwenye ile kemikali iliyo ndani ya miraa. Wakati huo shavu lako limesimama kwa miraa ya mchana. Ukasema, "Rudia." Nikarudia. Ukainuka, ukaenda nyuma ya tangi ukatema, ukarudi ukasukutua. Miaka thelathini ya kutafuna ikaishia hapo.

Wallahi, zile wiki mbili za kwanza zilitutesa! Uligombana na redio. Uligombana na mbuzi. Hooyo, ambaye alikuwa ameichukia miraa tangu harusi yenu, nilimsikia akikubembeleza utafune kidogo tu nyumba ipate amani. Nikakuuliza, anayeshindana ni Yusuf, wewe nani atakupima mkojo? Ukanijibu, "Siwezi kumwambia Yusuf asitafune, na mimi natafuna." Hukulirudia neno hilo tena, wala hukumwambia mtu yeyote jimu kwamba umeacha. Waliona tu hutafuni, na mmoja mmoja wakaacha.

Sasa nikwambie nilichokosea, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Ulipoanguka pale msikitini baada ya alasiri, zilikuwa zimebaki siku tisa Yusuf apande jukwaani. Yusuf wako wa Lafey, dereva wa boza, lori la kusambaza maji, uliyemnoa miaka sita hadi wageni wakadhani ni kaka yangu. Tulikuzika kabla ya magharibi. Kwa siku tatu watu walijaa uani, na Yusuf ndiye aliyepokea wageni, aliyepanga viti, aliyeleta maji kwa boza lake. Hakukaa chini. Siku ya tatu adeer Noor, ndugu yako, akaleta miraa kwa ajili ya wazee na vijana walioketi turubaini, akanipa beseni niwapelekee. Nikalibeba. Mimi, Aabo! Niliyekusomea ile orodha kwa mdomo wangu. Nilimwekea Yusuf kishada mkononi na kumwambia, "Shika, umechoka." Akatafuna huku analia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Sisi tukisikia pufya tunafikiria sindano, na miraa ilikuwa ni matanga tu.

Hooyo ndiye aliyetusukuma twende Nairobi. Alisema usingemsamehe kama angetuzuia. Na Aabo, laiti ungemwona Yusuf! Alipogeuka na kukunjua mgongo, ukumbi ulipiga kelele mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimeapa kutolia mbele ya watu. Alikuwa mkavu, amenyooka, kila kitu mahali pake, kazi ya mikono yako na maziwa ya ngamia. Wakampa nafasi ya kwanza. Alikibeba kikombe kama mtoto mchanga, anauliza atakiweka wapi, kwako au kwa Hooyo.

Kisha watatu wa kwanza wakaitwa chumba cha vipimo. Chupa ya mkojo, na ile fomu: taja kila ulichotumia wiki mbili zilizopita. Chini yake, kwa herufi ndogo ninazozijua mimi, imeandikwa kwamba anayekiri kitu cha orodha hapewi nafasi siku hiyo, lakini anaruhusiwa kurudi mwakani. Anayeficha akabainika, hashindani tena.

Unajua tulivyokuwa tukizijaza hizo fomu. Mimi na kalamu, Yusuf mbele yangu, wewe umesimama unauliza, "Na nini tena?" Mara tatu, kila fomu, hata kama mtu ameapa. Ulikuwa unasema jibu la kwanza ni la mdomo, la pili ni la akili, la tatu ndilo la mtu mwenyewe. Nilikuwa nakucheka. Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuuliza. Yusuf alinitazama, nikajua naye anangoja sauti yako.

Nikauliza mimi. "Na nini tena?" Maziwa, mayai, nyama ya mbuzi, ile protini yenye muhuri. Nikaandika. "Na nini tena?" Tembe mbili za kichwa siku ya mazishi. Nikaandika. Ya tatu iligoma kutoka, Aabo. Maana hapo ndipo nilipoliona lile beseni, na mikono yangu imelishika. Zilikuwa zimepita siku sita. Ninauza dawa, najua kitu kama hicho hakikai mwilini muda huo wote. Kalamu ilikuwa yangu. Nikinyamaza, kikombe kinarudi Garissa na jina lako juu yake. Nilitaka kunyamaza. Siwezi kukudanganya wewe, nilitaka sana.

Nikauliza. Yusuf akainamisha kichwa, akasema, "Ulinipa wewe, walaal, dada yangu. Lakini niliyetafuna ni mimi. Andika." Nikaandika miraa, matangani, siku ya tatu. Afisa wa vipimo akaisoma, akauliza kama nimeelewa ninachofanya. Nikamwambia baba yangu ndiye aliyenifundisha kujaza.

Walikichukua kikombe mbele yetu. Kwa adabu, lakini walikichukua.

Tukarudi kwenye matusi. Adeer Noor alisema nimekuzika mara ya pili. Kwenye duka la dawa, mteja mmoja alinicheka usoni kwamba mimi ndiye mwanamke aliyemnyang'anya mwanamume ushindi kwa kalamu. Wiki ya nne karatasi ya vipimo ikaja. Hakikuonekana chochote. Mkojo wa Yusuf ulikuwa safi, Aabo. Nilikaa kwenye benchi lako nikalia mpaka Hooyo akatoka kuuliza ni nani tena amekufa. Yusuf yeye aliisoma, akacheka kile kicheko chake cha puani, akaigongomea ukutani chini ya saa yako. Akasema mwakani watampima tena, na safari hii nimwekee chai tu kwenye hilo beseni.

Nilidhani mambo yameisha hapo, na jimu nayo itaisha. Vijana walikuwa wamepungua. Niliwaza kuviuza vile vyuma.

Jumamosi iliyopita nilitoka nyuma ya pazia la mlango wa nyumba nikakuta vijana saba wamekaa uani, na meza yako imejaa. Makopo, vidonge ndani ya magazeti, unga usio na jina. Mkubwa wao, yule mkaidi uliyekuwa unamwita Waryaa, yaani "wewe kijana", kwa sababu jina lake lilikuchosha, akasukuma kopo mbele yangu. Akasema, "Soma, Maalim." Hilo la Maalim ni jina walilokuwa wakikuita wewe. Nikatafuta nani yuko nyuma yangu.

Nikasoma. Mbili nikazikataa pale pale, na mdomo wangu unaujua. Kisha nikauliza, "Na nini tena?" Wakasema hakuna. "Na nini tena?" Wakaapa. Mara ya tatu nikauliza polepole, kama wewe, na Waryaa akainama, akatoa ndani ya soksi kichupa cha dawa ya sindano ya ng'ombe. Kimebaki nusu. Nilimkasirikia sana, Aabo. Lakini sikumwambia aende zake. Nilimwekea chai.

Basi pumzika, baba yangu. Mwakani nitampeleka Yusuf tena, na yeyote atakayekuwa tayari. Kikombe siwezi kukuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba hakuna kijana wa jimu yako atakayetia saini fomu kabla sijamuuliza mara tatu, na mara ya tatu nitasubiri jibu hata kama ni langu mwenyewe.

Mtoto wako, uliyemwita aabo,
Hodan