Gari la Shemeji Yako Limeacha Kusukuma

Nyumbani, nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo? Kile kifua kimepona? Baridi ya huko unaivalia sweta, au bado unajifanya kijana? Mimi sijambo, ila magoti tu. Ukikuta herufi zimerukana usicheke, unajua darasa niliishia wapi. Kwenye simu kila nikianza kukushukuru unanikatiza na kuuliza habari za nyaya. Leo huwezi kunikatiza.

Shemeji yako anaendelea vizuri. Tangu kile kiharusi mkono umerudi, ule mguu wa kulia ndio bado mzito. Na unalijua lile gari lake kuukuu la otomatiki, alilolipenda kabla hajanijua mimi. Tangu giaboksi yake ifunguliwe, likiwekwa gia tu, hata mafuta hayajakanyagwa, linasukuma kwenda mbele kama mbuzi aliyeona majani. Mguu mzima ungelizuia. Wake haukuweza. Siku ile likagonga ukuta wa jiko, nami niko upande wa pili nachambua mchele.

Sikukwambia yote wakati ule. Alishuka, akanitia ufunguo mkononi, akaingia ndani. Nikauficha kwenye kopo la sukari, maana daktari amemkataza sukari, hathubutu kuligusa mbele yangu. Lakini mdogo wangu, yule mtu alinyamaza. Kutwa yuko dirishani analitazama gari. Mwanzo nililiogopa gari, baadaye nikauogopa zaidi ule ukimya.

Ndipo ukatueleza kwamba giaboksi ile si kama nyingine, ndani mna mapanga madogo kama ya feni. Gari likiwa limesimama, umeme ukiyafikia yanageuka, injini inalegeza mkono. Usipofika, injini inang'ang'ania magurudumu na kuyasukuma. Na waya wenyewe ulikuwa unaning'inia, fundi aliyeifungua alituambia ni wa ziada. Swichi uliyotuma ya kuyapelekea umeme ilifika salama ndani ya soksi zako. Soksi nimezifua, nakuwekea.

Aliyefunga ni fundi umeme wa magari hapa mtaani, wanamwita Kiberiti. Shemeji yako akagoma.

"Mtu anaitwa Kiberiti, halafu nimpe gari langu?"

"Mzee, lile lililoungua lilikuwa langu mwenyewe," Kiberiti akamjibu. "La mteja sijawahi."

Basi akafunga swichi pale pedeli ya mafuta inapovuta, akashusha nyaya mbili hadi kwenye giaboksi, mmoja wa mapanga, wa pili wa kushusha gia ukikanyaga mafuta sana. Kuwasha, linasukuma vilevile. Akalizungusha mtaani, mimi kando yake nimeng'ang'ania mlango. Nilipokusimulia kwamba kila akiondoa mguu kwenye mafuta gari linashtuka kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma, nilidhani utanicheka. Hukucheka. Ulisema, "Dada, hapo umenipa jibu. Nyaya zimepishana. Wa mapanga umekwenda kwenye kushusha gia, ndiyo maana linashtuka; wa gia umekwenda kwenye mapanga."

Na kweli. Kiberiti alikuwa amezivingirisha zote mbili utepe mweusi ili kazi ipendeze, zikafanana, akasahau upi ni upi. Akazibadilisha huku anajisema mwenyewe.

Shemeji yako akakaa kwenye usukani. Mimi nikasimama mlangoni mwa jiko, namwomba Mungu kimoyomoyo. Akaweka gia. Gari likatulia tuli, mguu wake umelala tu juu ya breki. Akaniita, "Mama watoto, njoo uone, nalizuia kwa vidole." Nikajifanya moshi umeniingia machoni, na jiko sikuwa nimeliwasha.

Jana amenipeleka kliniki mwenyewe. Kila makutano namtazama mguu, yeye ananiambia nitazame barabara. Amesema njia nzima, mdogo wangu, kuanzia nyumbani mpaka kule na kurudi. Kichwa kiliniuma, na sikumwambia anyamaze.

Msalimie sana wifi yangu, na watoto uwaambie shangazi yao anawaombea. Kiberiti naye anakusalimu, anakuita mwalimu. Mungu ailinde mikono yako na macho yako, uzeeke ukiwa na watu wa kukusikiliza hata wakisimulia vibaya kama mimi.

Ufunguo umerudi kwenye msumari wake. Kopo sasa lina sukari tu, na shemeji yako ameanza kuliulizia.

Dada yako akupendaye, asiyechoka kukushukuru.