Nilitafsiri Filamu ya Kumcheka Mwenyekiti, Naye Akaipenda

Mshauri wetu Mama Jenifa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana naona nimemponza rafiki yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni dereva bodaboda hapa Katoro, na Jumapili baada ya misa natafsiri filamu za nje kwenye banda la video, nashika maiki namsemea kila mhusika kwa Kiswahili, watu wanatoka hata machimboni kuja kunisikiliza. Sasa kijiwe chetu kina mwenyekiti, Enock, ambaye tangu mwezi wa pili anasema abiria wamepungua kwa sababu ya wakuja, yaani wenzetu wanne waliotoka mikoa mingine, na anayemchukia zaidi ni Mwita wa Tarime, aliyeendesha na sisi miaka saba na ndiye anayetutengenezea kabureta sote, hata huyo Enock, na sisi tulikuwa tunanyamaza kwa sababu ukimbishia anakuvua reflekta, ile fulana ya kijiwe, na hupakii tena abiria pale.

Nikapata filamu ya vichekesho kuhusu mtawala wa kifashisti, wale wa Ulaya ya zamani waliosema shida zote zimeletwa na wageni. Anamfukuza mwoka mikate watu wanakosa mkate, anamfukuza fundi cherehani, halafu suruali yake inachanika na hakuna wa kuishona, anahutubia taifa ameishikilia kwa mkono. Nikasema hapa hapa ndipo nitakapomsema Enock. Nikampa yule mtawala sauti ya Enock mwenyewe, hadi kile kikohozi chake cha mara mbili kabla hajaanza kuongea, banda lote likajua ni nani, watu wakacheka mpaka machozi, na Enock alikuwa benchi la mbele anacheka kuliko wote.

Mama, hakujitambua. Alinifuata akanishika bega akasema, "Silvesta, huyo jamaa anajua kuongoza," akaomba nimwekee kwenye flashi, na kesho yake asubuhi akatupanga mstari tumpigie saluti ya kunyoosha mkono kama ya kwenye filamu, na tukanyoosha, na mimi nilinyoosha. Alhamisi akaitisha kikao asome majina ya wakuja wanaofukuzwa kijiweni, akakohoa mara mbili, mtu huko nyuma naye akakohoa mara mbili, basi watu wote ishirini na sita wakaangua kicheko, hata Mzee Agapiti asiyechekaga, Enock akakunja karatasi akasema anasikia malaria, kikao kikasogezwa hadi Jumamosi tupige kura ya mikono. Yaani watu wanafanya mchezo wakati mwenzetu anapoteza riziki. Mwita ana watoto watatu na hanilaumu, ananiambia tu, "Ulitafsiri vizuri," na hilo ndilo linaloniumiza. Je, niifute ile filamu? Nimwombe Mwita radhi? Au filamu za namna hii hazimfikii mtu yeyote, watu wanacheka wanaenda zao?

Silvesta, Katoro

Marahaba, Silvesta. Barua yako ilinifikia Ijumaa asubuhi, na kwa kuwa gazeti lisingewahi nilikupigia simu. Wasomaji nao wasikie niliyokwambia.

Pole, mwanangu, lakini isome tena barua yako, maana umeandika jambo kubwa ukalipita bila kuliona. Unalia kwamba Enock hakuelewa. Nani alikwambia filamu ile ilikuwa kwa ajili ya Enock? Mtu anayependa kunyooshewa mikono, ukimwonyesha mwenzake ananyooshewa mikono, ataona raha tu, suruali iliyochanika haioni. Utamsubiri ajitambue mpaka uzeeke. Filamu ilikuwa kwa ajili ya hao ishirini na sita waliokuwa wakimwogopa. Mwezi wa pili akikohoa mlikuwa mnatazama chini. Alhamisi amekohoa mkacheka, na majina hakuyasoma. Karatasi ilikunjwa, Silvesta, na wewe unaniambia habari za malaria.

Sasa nikugombeze. Wewe ni hodari ukiwa na maiki ndani ya giza la banda. Asubuhi mbele ya Enock ulinyoosha mkono kama wengine. Kicheko kimewapunguzia watu woga, ila hakiwezi kuwapigia kura, na watu wanaweza kucheka Alhamisi na kumfukuza mwenzao Jumamosi, tena huku wanacheka. Filamu imemaliza kazi yake, kilichobaki ni chako. Usiifute. Kwa filamu hudaiwi radhi na mtu, mwombe Mwita radhi kwa ule mkono. Leo hii pita kwa Mzee Agapiti, kisha kwa wengine mmoja mmoja, uwaambie kwa sauti yako mwenyewe kwamba kesho hunyooshi. Na kwenye kikao ukae mbele, jirani na Mwita.

Jumamosi saa tano asubuhi uliniandikia ujumbe, nami nauweka hapa kama ulivyo:

"Mama, amesema anayetaka wakuja waondoke anyooshe mkono. Akanyoosha wa kwake kutuonyesha. Sisi tukaweka mikono mapajani, wote, hata wale niliokuwa nawahofia. Akauacha juu muda mrefu, akiangalia huku na huku. Halafu Mzee Agapiti akakohoa mara mbili. Tukachagua mwenyekiti mwingine palepale. Enock alitaka kuondoka kwa hasira, pikipiki ikagoma kuwaka. Mwita ameinama anamtengenezea, na Enock ndiye amemshikia spana."