Mkate Ulioumwa Kona

Methven,
Jumapili, mwisho wa Septemba

Dada yangu mpenzi Glenys,

Pokea salamu zangu nyingi, zenye joto kuliko kikombe hiki ninachopashia vidole nikikuandikia. Natumaini barua inakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na mkahawa wetu wa Gore bado unanukia skonzi kabla mtaa haujaamka. Mimi ni mzima, dada. Ni mzima mpaka naona haya. Asubuhi nikiamka na kumkuta Rewi amelala kando yangu mdomo wazi, namtazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani kwa makosa, anaomba Mungu mwenyewe asije kuudai.

Ningekupigia simu, lakini simu ya mkahawa iko karibu na kikaango. Ungeniitikia "ndiyo, ndiyo" huku unageuza mayai, na haya niliyo nayo hayafai kuambiwa mtu anayegeuza mayai. Katika barua yako umeniuliza fundi wa maandishi aandike nini kwenye kioo cha mbele: Glenys na Merran basi, au aongeze jina la ukoo wangu mpya. Umesema anakuja na rangi yake ya dhahabu mara tu nitakapokujibu. Nitakujibu, ila niache nifike polepole.

Kwanza upepo. Tangu harusi, upepo wa kaskazini-magharibi haujatupa nafasi ya kupumua. Mlima umefungwa. Viti vya waya vinavyopandisha watu kileleni vimesimama, na watu wote waliokuja kuteleza kwenye theluji wamemiminika mjini, wanaingia mkahawa huu na kutoka mkahawa ule na viatu vyao vigumu, kok kok kok kwenye sakafu ya mbao kama farasi waliopotea njia. Wanaagiza wasichokitaka. Wanatazama dirishani kuliko wanavyotazama sahani. Wake wanawaambia waume zao si nilikwambia twende Fiji. Upepo huu unamwingia mtu kwenye damu; juzi mwokaji aligombana na unga wake mwenyewe, nilimsikia kwa masikio yangu.

Kwetu sisi ilikuwa neema. Unakumbuka wenye mikahawa wa hapa walitupa kadi siku ya harusi, badala ya mashuka na sahani: kila mmoja atulishe mara moja, bibi na bwana. Basi kila mchana tumekuwa tukivaa sweta zetu nzuri na kwenda kukaa mezani kama wageni. Mimi, Glenys, niliyezoea kubeba trei, leo navutiwa kiti. Tumekula bega la kondoo lililoiva mpaka mfupa unachomoka wenyewe. Tumekula samaki wa mtoni na viazi vidogo vyenye siagi. Tumekunywa supu ya boga kutoka bakuli moja, vijiko viwili, na Rewi alinifuta kidevu kwa kidole mbele za watu. Nilidhani nitayeyuka.

Sijawahi kukueleza vizuri tulivyojuana, maana niliogopa utamdharau. Kule juu, kwenye mkahawa mkubwa wa mlimani nilikohudumu, vijana wanaofuata theluji hawanunui chakula. Wanachukua maji ya moto ya bure, wanakamulia sosi ya nyanya ya mezani, wanaita supu. Kisha wanasubiri wageni wanyanyuke, wanakaa pale pale kabla mhudumu hajafika, na wanamaliza kilichobaki. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Rewi alikuwa mmoja wao, ingawa alikuwa na kazi ya kuwapandisha watu kwenye viti. Mshahara wake wote uliishia kwenye nauli ya kufuata baridi nyingine upande wa pili wa dunia. Lakini hakuwa anagombania. Aliwaacha wenzake wachague, yeye akachukua maganda ya mkate.

Nikaanza kuchelewa kusafisha meza. Halafu nikaanza kutengeneza mabaki. Nilichukua mkate wangu wa jibini, ule tuliopewa wahudumu kwa chakula cha mchana, umetoka kwenye oveni sasa hivi, umekunjwa, siagi inachuruzika, nikauma kona moja tu, nikauweka kwenye meza tupu karibu naye pamoja na kikombe kichafu. Nilitaka adhani kuna mgeni ameshiba. Nilifanya hivyo majira yote ya baridi na nilijiona mjanja kupita kiasi.

Siku moja akaja mpaka kaunta akaniomba nitabasamu. Nilijua ni maneno ya vijana wa mlimani, lakini nikatabasamu. Akatikisa kichwa polepole akasema, "Ndiwe wewe. Nimekuwa nikila nyuma yako tangu Juni." Kila mkate, aliniambia, ulikuwa na alama ile ile: meno mawili, na katikati kijimstari cha mkate kilichosimama. Mwanya wangu, Glenys. Mwanya ule ule ambao wewe ulisema mtu anaweza kuegesha baiskeli, ule ambao marehemu mama alitaka ufungwe kwa waya. Nimeolewa kwa ajili yake.

Sasa nifike kwenye yanayonikosesha utulivu. Siku ya harusi ulinivuta maliwatoni, ukanirekebishia shela, ukaniambia nimtazame vizuri huyo bwana, hajakaa kitini dakika tano hata wakati anasifiwa. Ukasema, "Ana miguu ya mbwa wa kondoo, mdogo wangu. Theluji ikiyeyuka, na yeye atayeyuka." Nilicheka. Lakini maneno yako yalikaa, na wiki hii yamekuwa yakila nasi meza moja.

Maana kweli hatulii. Chakula kinaletwa, yeye anatazama mlango wa jikoni. Anasema anakwenda kunawa mikono, anakaa huko mpaka supu inashika utando. Anarudi anahema, ananibusu, anakula vijiko vitatu, anatazama tena mlango. Kwenye mkahawa wa pembeni ya benki mhudumu akamwuliza kwa sauti, "Bwana harusi, kiti kina miiba?" Akajibu haraka kwamba kiti hakina neno, ila kimetazamana na mke mzuri mno. Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini mguu wake chini ya meza haukuacha kucheza. Na wangu pia, kusema kweli. Meza ilikuwa ikitikisika mpaka jirani akasema leo upepo umezidi.

Kisha siku tuliyokula lile bega la kondoo kwenye baa, mwenye baa akamwita kwenye simu. Nilisikia Rewi akitaja kile kijiji cha Hokkaido, kule Japani, anakokwenda kila mwaka huku kwetu kukiwa joto. Akashusha sauti. Aliporudi nilimwuliza ni nani, akasema, "Jamaa tu." Glenys, ile nyama nzuri ya kondoo ikawa mdomoni kama sufu yake. Nikaanza kuhesabu ishara zote na zote zilikuwa zinaelekea uwanja wa ndege. Niliwaza anaingia majikoni kuwaaga marafiki zake. Sikumwuliza tena. Bibi harusi mpya hataki kuwa wa kwanza kuuliza hivyo.

Jana ilikuwa zamu ya mkahawa wa Noeline, karibu na duka linalokodisha mbao za kutelezea. Noeline ni mama aliyetoka Bluff, mtu wa kusini kama sisi, kifua kipana na mdomo usio na breki. Rewi hakungoja hata menyu, akasema mikono. Nikahesabu mishumaa ya ukutani, nikanyanyuka, nikamfuata.

Nilimkuta amevaa aproni ya maua. Mbele yake trei ya mikate ya jibini, au tuseme ilikusudiwa iwe hivyo: mingine imefunguka kama vitabu, mingine imeungua mgongo. Noeline alikuwa amesimama juu yake na mwiko, anamwambia, "Baba, unakunja mkate au unakunja hema? Siagi inapakwa mgongoni mwa mkate, si kwenye kiganja. Glenys akiona hivi atakurudisha kwenu Temuka kwa mguu."

Ndiko alikokuwa akinawia mikono wiki nzima. Aliingia kila jiko la mji huu kuomba afundishwe mkate wa jibini wa kusini, na wapishi wa hapa walimcheka, wakamwambia hicho ni chakula cha kina Noeline. Rewi akaniambia, akitazama sakafu, kwamba hawezi kuhamia Gore mikono mitupu, shemeji amwone kama mtu wa kumaliza mabaki. Na ile simu, watu wa Japani walitaka watu wawili msimu huu: mmoja wa viti, mmoja wa kuhudumu kwenye mkahawa ulio chini ya mlima. Amewaambia hapana, asanteni. "Nimewaambia nimeoa, nimetulia," akasema.

Noeline akajifuta macho kwa aproni. Ilikuwa zamu yangu kulia kwa furaha, dada. Badala yake moyo wangu uliporomoka kama keki iliyofunguliwa oveni mapema.

Nikamwuliza huko wanakula nini. Swali la ajabu, najua. Akanieleza: tambi kwenye bakuli kubwa linaloshikwa kwa mikono miwili, jiko la kuni katikati ya chumba, theluji mpaka darini, kuna siku unaingia kwa dirisha la juu na kuacha viatu ngazini. Kadiri alivyoeleza ndivyo unyayo ulivyoniwasha, kweli kweli, ndani ya soksi. Niliuliza madirisha yana pazia gani. Niliuliza asubuhi wanauza nini. Noeline ndiye aliyeelewa kwanza. Akamwambia, "Rewi, acha kukunja. Mtazame mkeo."

Hapo ndipo nilipojua, na ndilo ninalokuandikia. Wiki nzima nilidhani naogopa ataondoka. Nilikuwa naogopa atabaki. Naogopa atanirudisha kwenye jiko nililoingia moja kwa moja kutoka shuleni, aproni ile ile, dirisha lile lile linalotazama ghala la sufu. Huku Methven ndiko mbali kuliko kote nilikowahi kufika. Ulimtazama yeye ukaona mbwa wa kondoo. Ungeinama kidogo, Glenys, ukatazama chini ya meza upande wangu.

Rewi alichagua mkate usioungua sana, akauma kona, akauweka kwenye sahani, akanisukumia. Unajua meno yake, yamebanana kama mahindi. Kona ilikatwa safi kama kwa kisu. Nikaula wote. Ulikuwa na chumvi mno. Kisha nikamwambia kwa maneno kamili kwamba nataka kwenda. Akakaa kwenye gunia la viazi, akatulia kabisa kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akasema, "Basi nitawapigia. Ila Glenys utamwambia wewe. Shemeji nampenda, lakini namwogopa."

Amewapigia asubuhi ya leo. Nafasi zetu zipo. Tunaondoka Novemba, na kabla ya hapo tutakuja kwako, akukunjie mikate na umchape vidole kadiri upendavyo. Tangu nianze barua hii upepo umekatika, mlima umefunguliwa, mikahawa yote iko mitupu na wahudumu wanaegemea kaunta. Ni mimi tu ambaye sijatulia.

Najua ninachokufanyia. Tangu mama afariki umeshika jiko kwa mikono yako miwili na kuniwekea nusu yangu. Najua ulimkatalia rafiki yako Aileen alipoomba mshirikiane mkahawa, kwa ajili yangu. Ukimwita sasa, sitanuna. Ukiuza, sitanuna pia, nitalia tu, halafu nitakusaidia kufunga vikombe vya mama. Usinijibu kwa hasira ya siku ya kwanza. Nijibu kwa ile ya siku ya pili, ninaijua, ina huruma.

Kwa hiyo mwambie fundi aandike jina lako peke yake. Kubwa, la dhahabu, watu wa treni walisome. Lakini kama haitamsumbua, asiliweke katikati. Aache nafasi upande wa kulia. Si kubwa. Mwanya tu, wa kuegesha baiskeli.

Nisalimie Aileen, nisalimie paka, na goti lako ulipashe moto. Rewi anakusalimu kutoka nyuma ya mlango.

Mdogo wako akupendaye, aliyeshiba na asiyetulia,

Merran