Plasta za Buluu Begani

Mama, shikamoo. Huku Bagamoyo jua ni kali. Bega langu lililoteguka nilipoanguka na bodaboda, daktari wa mazoezi amelibandika plasta za buluu zinazovutika. Leo sokoni mama mmoja muuza pweza aliziona akacheka: "Mwanangu, umetiwa viraka?" Nikamwambia zinaushikilia msuli wangu ninapofanya mazoezi. Akainua sahani ya pweza juu ya kichwa chake. "Haya, ipokee kwa mkono huohuo!" Nikauma meno, jasho likanitoka, lakini mkono ulipanda mpaka nikaishika. Wanawake wakapiga vigelegele. Pweza nimemla wote peke yangu! Jembe langu usimpe mtu, Mama. Mvua zikianza tutalima pamoja. Nakubusu mikono.

Mwanao, Rehema