Mashavu Yangu Kwenye Kaburi la Kaka

Guangzhou, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, na joto halijapungua hata kidogo. Roho nzito.

Leo ni siku ya kumi na moja sijashuka kutoka jengo hili. Mimi, ambaye barabara nzima ya Huanshi Zhonglu wananijua, ambaye nikipita wauza nguo wanaacha wateja wao wananikimbilia! Watu wa nyumbani nimewaambia mimi na polisi wa huku tunapigiana saluti. Ukweli ni kwamba pasi yangu iko kwa wakala wa viza wiki ya tano sasa, mkononi nina nakala kivuli tu, na siku hizi kivuli hakimwokoi mtu. Wanasimama kwenye milango ya treni, wanasimama kwenye ngazi za maduka. Sisi weusi hatuulizwi habari za asubuhi, tunaulizwa pasi.

Lakini si hilo linaloninyima raha. Ni kichwa.

Mwaka jana alifariki kaka yangu mkubwa, Eliasi, fundi cherehani wa kule Machame, aliyenilea baada ya baba kututoka. Kwetu, mwaka ukitimia kaburi linajengewa, ukoo unakutana kihambani, kwenye shamba la mababu, mchungaji anaomba, kitambaa kinavutwa watu waone. Wengine huweka vigae na msalaba, basi. Mimi nikatangaza kwenye simu, ukoo mzima unasikiliza: "Kaka yangu atawekewa kichwa cha marumaru, kama wafalme wa Roma!"

Maana mambo ya Roma nayajua. Nimeuza vichwa vya wafalme wa Kirumi kwenye hoteli za Arusha, vyote plasta, vyote vya hapa hapa ng'ambo ya mto. Wenye hoteli niliwaambia kwa simu nimeishi Roma miaka miwili.

Roma sijawahi hata kutua.

Anayevitengeneza ni mzee Chen, ambaye jiwe pia huchonga; karakana yake iko mbele ya Pazhou, ukishapita kumbi za maonyesho. Ana kitabu kikubwa cha picha. Hamisi wa Kariakoo, ninayekaa naye chumba kimoja na anayekijua Kichina, ndiye aliyenitafsiria. Wagiriki, anasema mzee, walimchonga mtu awe mzuri kuliko alivyozaliwa. Warumi wa zamani walimwacha na makunyanzi yake, na kipara chake, na chunjua yake, ili wajukuu wamtambue. Nikauliza mbona sanamu nyingi hazina pua, na kabla hajafungua mdomo nikajibu mwenyewe kwamba wanawake wa Roma walizivunja kwa wivu, nimeyaona kwa macho yangu. Hamisi alikataa kutafsiri.

Shemeji yangu, Mama Upendo, mjane wa Eliasi, aliomba kitu kimoja tu: "Shemeji, usimfanye mzuri. Mfanye yeye."

Picha tuliyo nayo ni moja, ya pasipoti, ya mbele. Mzee Chen akataka ubavu: pua inatokaje, kidevu kinaishia wapi. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikasema mbona rahisi, mimi na kaka ni mapacha kasoro siku ya kuzaliwa! Nikakaa kwenye kiti siku mbili, kidevu juu, natazama dirisha kama Kaisari.

Hatufanani. Yeye alichukua sura ya mama.

Mfano wa udongo ulipokamilika mzee aliniita nikaukague kabla hajagusa jiwe. Misako ilikuwa imeanza. Niliogopa, na badala ya kusema naogopa nikampigia simu, "Hao, hao!", yaani safi kabisa, kama mtu aliyeona. Kisha nikampigia shemeji: amefanana mpaka utalia.

Leo mchana Hamisi, ambaye pasi yake iko mfukoni, amerudi kutoka karakana na picha kwenye simu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Anko, hongera! Umejijengea kaburi ungali hai."

Ni mimi. Mashavu yangu, kidevu changu cha pili, na yale maringo ya kutazama dirisha. Jiwe jeupe zuri, mimi kabisa.

Hamisi alipoona sicheki akaenda kuosha mchele.

Sasa niandike ambalo sijamwambia mtu. Kwenye mazishi sikwenda. Nilisema ndege zimejaa. Niliogopa kwamba nikitoka huku sitaruhusiwa kurudi. Miaka sita sijauona uso wa kaka, na nilikaa kwenye kile kiti kwa sababu ubavu wake nilikuwa nimeusahau, nikaona aibu kusema.

Nilidhani nimeusahau.

Kumbe utoto wangu wote nilimwona kwa ubavu! Nilikaa kwenye kigoda kushoto kwa cherehani, yeye ameinamia sare za watoto wa wenzake, pini mdomoni. Mdomo wa chini ulijitokeza kwa ajili ya zile pini na haukurudi hata akizitoa, hata akisali kanisani. Shavu lilikuwa limebonyea. Siku nilipoacha shule, darasa la sita, hakunigeukia. Alisema tu, meno yamebana pini, "Basi shika mkasi."

Nikamwambia Hamisi aache wali, ampigie mzee Chen. Waliongea sana, mimi nimesimama kama mshtakiwa.

"Anasema inawezekana," Hamisi akaniambia. "Warumi walifanya sana. Mfalme akipinduliwa, kichwa hakitupwi, kinachongwa upya kiwe cha anayefuata. Ila jiwe linapunguzwa tu, haliongezwi. Kaka yako atatoka ndani ya unene wako. Shukuru mashavu, Anko."

"Na mdomo wa chini?"

"Atakata pembeni, mdomo ubaki mbele. Lakini uende mwenyewe umwonyeshe. Uso anaoujua yeye ni wako."

Kontena la Hamisi, litakalobeba kichwa, linafungwa keshokutwa. Kwa hiyo ni kesho. Stesheni mbili zenye polisi. Hamisi amejitolea kuniazima pasi yake. Nimekataa. Mambo ya kufananisha nyuso nimekoma.

Nikikamatwa njiani, kichwa kitasafiri kilivyo. Siku ya kaburi Mama Upendo atavuta kitambaa mbele ya ukoo, akutane na mimi juu ya mume wake. Mimi, ambaye sikwenda hata kumzika.

Sijampigia. Nitampigia nikiwa karakana, vumbi la jiwe linaanguka. Nikimpigia sasa nitamdanganya tena, najijua.

Nimechomoa pini nne kwenye shati jipya, nikazibana mdomoni mbele ya kioo. Hatufanani, lakini mdomo ulikaa karibu na wake. Nimezifunga kwenye karatasi, nimeziweka mfuko wa kifuani, mahali pa pasi.

Ee Mungu, kesho nifikishe tu kwa mzee Chen. Kurudi nitajua mwenyewe.