Mama Zako Wawili Mlangoni

Katuba, Jumanne

Mwanangu Gauthier,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko Kasumbalesa na malori yako ya forodha. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo hujaliulizia tangu Pasaka.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Wajua mkeo Syntiche sikumpenda tangu mwanzo, na alipoondoka nyumbani kwako sikulia. Ndiyo maana uliponiomba nisimame nawe tribinali, nilivaa kitenge cha kanisa nikaja. Hakimu alitaka kujua binti yenu akae kwa nani mpaka kesi iishe. Ukasema unalala kwangu Katuba kila siku. Ukasema tena kwamba mtoto ana jina langu, kwa hiyo wewe humwita mama kama desturi yetu inavyotaka, na hakuna mwanamume anayemtesa mama yake. Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Hakimu akakupa mtoto.

Ulimleta kwangu siku ile ile, ukarudi mpakani. Tangu hapo tumekuona kwa nadra, tena gari likiwa linanguruma nje.

Jumamosi ulimwahidi kumpeleka mjini. Alivaa viatu asubuhi, akakaa mlangoni. Bukari niliyosonga aliikataa, akasema atakula na papa wake. Kila gari lilipopita aliniuliza kama ni papa anakuya. Jioni alisinzia pale pale. Nilipokuwa namvua viatu nikakumbuka kwamba mimi nami niliketi mlangoni hapo hapo, nimevaa kitenge, siku uliyosema utanipeleka hospitali kwa ajili ya goti. Hapo hukumdanganya hakimu, Gauthier. Kweli unamtendea kama mama yako.

Basi jana nilikwenda tribinali na Syntiche. Bado simpendi, na bukari yake ni uji. Lakini kila jioni yuko nyumbani. Nilimwambia hakimu kwamba ulisema uongo nami nikauunga mkono. Alinikaripia kama mtoto, halafu akabadili uamuzi: binti akae kwa mama yake mpaka kesi iishe.

Najua utakasirika. Njoo ukasirikie hapa, ana kwa ana, angalau nitakuona.

Nisalimie malori yako.

Mimi mama yako,
Léonie mkubwa. Mdogo hakungoji tena.